Kidole cha Bi Mwanakheri

Kila Bi Mwanakheri aliporudi kutoka kumchagua rais kwa niaba ya mji mzima, watu walijipanga kukigusa kidole chake chenye wino. Leo, kwa mara ya kwanza, mji wote unapiga kura: wajumbe kama yeye waendelee, au kila mtu ajichagulie rais?

"Bi Mwanakheri, ukiwakataa wajumbe umejifukuza mwenyewe," karani wa kituo cha kura alimnong'oneza.

"Nipe karatasi, mwanangu."

Alitia alama, akaikunja, akaitumbukiza sandukuni. Nje vigelegele vilikuwa vimepamba moto. Jirani yake Chausiku alimkimbilia huku akihema, kidole juu, cheusi tii.

"Kiguse, Bi Mwanakheri! Hiki changu! Kiguse!"

Bi Mwanakheri alikishika kwa mikono miwili. Nyuma ya Chausiku, foleni ya vidole vyeusi ilikuwa imeshaanza.