Kengele ya Firmini

Katekista alikataa kumpigia marehemu Firmini kengele ya maziko, kwa sababu alikuwa mlevi na hakuwa amepokea komunyo kwa miaka ishirini. Mjane wake, Tekla, akaenda kumlilia askofu. Katekista akamfuata na kitabu cha maadili.

"Ukurasa wa tisini, Baba Askofu. Uliandika mwenyewe."

Askofu alisoma polepole, akatabasamu. "Niliandika nikiwa kijana, mwanangu. Nilikuwa sijazika mtu niliyempenda."

"Akilewa alikuwa anaimba," Tekla alisema. "Nyimbo za kanisani tu."

"Nilikuwa namsikia, mama," askofu alijibu.

Wakaenda wote kanisani. Kamba ya kengele ilikuwa nene, kwa hiyo askofu alivua pete yake, akampa Tekla amshikie, kisha akaivuta kamba mwenyewe. Kengele ilipoanza kulia, Tekla alifumba kiganja. Pete ilikuwa bado ina joto.