Kidevu cha Chumvi

Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu. Asiyeamini amtazame kidevu Chumvi, mkata mbao.

Chumvi alikuwa ameshaushika msumeno, mkewe aliposimama mbele ya mti. "Baba watoto, humu mna chura asiyepatikana popote ila bonde hili. Hatagi, anazaa!"

"Leo umenipita kwa uongo, mama! Akizaa, nanyoa ndevu."

Mkewe akabandua gome, akamwekea kiganjani chura mdogo kama ncha ya kidole. Tumbo la chura likatikisika. Kikatoka kijiguu, kisha mtoto mzima, macho kodo.

Msumeno ukamponyoka mkono wa pili.

"Na miti niliyoikata jana?" aliuliza. "Nayo ilikuwa na..."

Mkewe alitoa wembe mfukoni, akampa.