Nati Inayofunguka Kinyume

Msumeno wa meza ulinguruma, ukakohoa mara mbili kama mzee aliyepaliwa na chai, ukanyamaza. Mara ya nne wiki hiyo. Shahinda akachomoa waya ukutani, akaupiga teke mguu wa meza.

"Umri mkubwa, adabu huna!"

Ami Gharib, mpiga vanishi wa karakana ya pili, akachungulia mlangoni. "Bi harusi! Mikono hiyo utaipaka hina au grisi?"

"Hina hutoka, ami. Grisi ndiyo pete yangu."

Mzee akaondoka akicheka. Shahinda naye alicheka, lakini moyoni alikuwa anaungua. Pale Dumyat samani za nyumba mpya huletwa na bi harusi, na seremala anayemnunulia bintiye kitanda dukani afadhali ahame mji. Kabati lilikuwa tayari. Kitanda kilibakiza mbao sita tu. Zikikatwa leo, basi Alhamisi samani zinapakiwa kwenye magari, ngoma mbele, mtaa mzima nyuma, na siku ya harusi inatajwa. Zisipokatwa, hakuna siku.

Na Nadir, mchumba wake, alikuwa anaingoja siku hiyo. Mwaka wa pili sasa yuko Libya, ndani kabisa jangwani, anajenga nyumba za watu ili apate ya kwake. Mtandao huko huja unapojisikia. Shahinda alimtumia ujumbe wa sauti kila asubuhi, na wiki nzima hii kila ujumbe ulibaki na tiki moja.

"Ameiuza simu akanunua tende," alimwambia baba yake jana. Bahgat hakucheka. Alitoka nje.

Haya, kazi. Jumamosi mota ilivuma bila kuzunguka. Akakuta waya wa kapasita umechomoka. Jumatatu mota ilizunguka, lakini bledi ikigusa tu ubao inasimama. Mkanda ulikuwa umelegea kama suruali ya kuazima. Jana ikawa swichi. Leo ubao ulitoa moshi, ukaungua ukingoni, ukakwama, na mota ikazimika.

Akagusa mota: moto, lakini haikunuka kuungua. Akazungusha bledi kwa mkono: beringi nzima, hakuna mtikisiko. Akafuta utomvu kwenye meno, akainama kuyatazama vizuri, na hapo akabaki ameinama.

Meno yalitazama nyuma. Bledi ilikuwa imefungwa kinyumenyume.

Akaketi juu ya rundo la pumba za mbao, akawaza. Waya huweza kuchomoka wenyewe. Mkanda huweza kulegea. Lakini bledi haijigeuzi. Tena nati ya msumeno ule haikuwa nati ya kawaida. Nati nyingine zote mtaani hufunguka kushoto. Ile hufunguka kulia. Mafundi wawili walishawahi kuing'ang'ania mpaka spana ikawatoa damu. Waliojua siri yake ni watu wawili tu: yeye, na aliyemfundisha.

Ndipo akamkumbuka Ami Fikri, babake Nadir. Ijumaa iliyopita alikuja akakaa na Bahgat nje, juu ya mbao, wameinamisha vichwa. Chai aliyowapelekea ilipoa bila kuguswa. Ami Fikri akaondoka bila hata kumwita "binti yetu" kama ilivyo kawaida yake. Tangu siku hiyo baba hali. Anamung'unya mkate mpaka anausahau mdomoni. Shahinda alidhani wazee wamegombana, mmoja anataka kabati la milango minne, mwingine anasema mitatu yatosha.

Kumbe si kabati. Baba hataki kubaki peke yake.

Tangu mama afe walikuwa wawili tu, yeye na baba, na msumeno huu mkorofi wa tatu wao. Akaelewa, na macho yakamjaa maji. Lakini Shahinda ni Shahinda: angeweza kukata mbao zake pale pale, ila alitaka kumkamata mwizi kwanza. Akaigeuza bledi, akaikaza, akapaza sauti.

"Baba! Msumeno umepona! Nakwenda kununua maharage ya ful, nikirudi nakata!"

Akaenda mpaka kwenye kona, akahesabu mpaka hamsini, akarudi kwa kunyata.

Bahgat alikuwa ameuinamia msumeno, spana mkononi, akivuta kulia.

"Mikono juu, jambazi wewe!"

Spana ikaanguka. Mzee hakugeuka.

Shahinda akamkumbatia kwa nyuma, akaegemeza shavu kwenye koti lake lenye harufu ya gundi. "Baba wengine hulia siku ya harusi, yakaisha. Wewe unavunja msumeno! Naolewa mtaa wa tatu, baba, siendi China. Nitakuja kila Ijumaa kukupikia, na Nadir atakuosha miguu, nitamlazimisha."

Bahgat akatikisa kichwa.

"Basi kila siku. Nadir atazoea. Niachie mbao sita tu, baba. Tukichelewa, yule mtu atadhani nimeghairi."

Mzee akageuka. Akamshika mikono yote miwili, yenye grisi vilevile, akaitazama.

"Nilimwomba Fikri asikuambie, mwanangu," alisema, "mpaka maiti ifike."