Kikombe cha Kuonja

Baba yake alipofika mbele ya foleni, Kokuberwa aliishusha chupa mezani. Kampuni ya pombe kali ilikuwa imefunga turubai kando ya soko la Gongo la Mboto, na tangu asubuhi yeye na wenzake walikuwa wakimwonjesha bure kila aliyepita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nitilie kidogo tu, mwanangu."

Mkono wa baba ulioshika kikombe ulikuwa wa manjano mpaka kwenye kucha. Juzi tu daktari alikuwa amewaambia kwamba ini lake halitastahimili tone jingine.

"Hapana, baba. Nenda nyumbani."

"Watu baki unawapa, mie baba'ko unaninyima?"

Msimamizi aligeuka kuwatazama. Kokuberwa aliziba mdomo wa chupa kwa kiganja, akijua kibarua kimeshaota nyasi.

Baba alisogea kwa msichana mwenzake Kokuberwa, aliyesimama pembeni na chupa yake. Yule aliziangalia mvi zake, akacheka.

"Sie tumekatazwa kuwapa watoto tu, mzee wangu," alisema, akamjazia mpaka ukingoni.