Maneno ya Mzee Kondo

Fuvu la Mzee Kondo lilikuwa wazi, naye yu macho. Daktari Raya alitaka kumsikia akizungumza, asije akaukata uvimbe pamoja na maneno yake. Muuguzi Hilda alishika gazeti lenye chemshabongo ambayo mzee mwenyewe, mtunzi wa chemshabongo za gazeti hilo, aliitunga akiwa wodini.

“Huponya kwa kisu,” alisoma.

“Mpasuaji. Yuko nyuma yangu, mwambie asitetemeke.”

“Sitetemeki, mzee wangu,” daktari alicheka, akiugusa ubongo kwa waya mwembamba wenye umeme hafifu.

“Hukesha na wagonjwa wasio ndugu zake,” Hilda alisoma.

Mzee alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Macho yalimtoka kwa hofu. Daktari akauinua waya.

“Muuguzi!” mzee akapaza sauti. “Ni wewe, mwanangu! Neno lilikwenda wapi?”

“Liko hapa. Sipakati.” Daktari akaweka hapo kikaratasi chenye namba saba.

Hilda alichungulia. Vikaratasi saba vyenye namba vilitulia juu ya ubongo uliokuwa ukipwita, kama visanduku vya gazetini, ila hivi vilikuwa hai.

Daktari akaomba kisu. “Endelea, Sista.”

Hilda akasoma swali la nane, na chumba kizima kikaisubiri sauti ya mzee.