Futi ya Bi Mwanahawa

Kazi mbili zilishamponyoka Machano kwa sababu ya kupeana mikono. Hii ya tatu, ya kutia vifungo kwenye karakana ya mafundi cherehani, majaribio yake yalikuwa yanaisha leo, na desturi ni ileile: kila asubuhi unawazungukia wenzako wote, mkono kwa mkono, ndipo ukae.

Alisimama mlangoni akizungushazungusha kifungo mfukoni. Viganja vya watu vilimuunguza kama pasi, wala hakuwahi kupata namna ya kulieleza hilo akaeleweka.

"Huyo anajisikia," fundi Kitwana alisema. "Wiki nzima hajatupa mkono."

"Na wiki nzima hakuna shati lililorudishwa kwa kifungo kung'oka," akajibu Bi Mwanahawa, mwenye karakana. Akavua futi ya kupimia shingoni, akashika ncha moja, nyingine akamnyooshea Machano. "Shikamoo yangu iko wapi, mwanangu?"

Machano akaishika kwa vidole viwili. Futi ikakaza kati yao.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Haya, nenda kwa Kitwana."

Kitwana alisimamisha cherehani. Mkono wake ukapanda hadi kwenye futi yake mwenyewe iliyoning'inia shingoni, ukabaki hapo hapo, kama asiyejua aivue au aiache.