Ufuta Uliosimama Mlimani

"Dada, kimbunga kimepita kwetu," sauti ya mdogo wangu ilisema kwenye simu. Ameolewa Komoro, kisiwani Ngazija. "Mabati yameng'oka. Tumepona kwa sababu watu wa kisiwa cha Anjuani walitupigia mapema. Sasa kinakuja huko. Na wewe mwambie aliye bondeni."

Aliye bondeni kwangu ni Malimi, mfugaji.

Mwaka jana ng'ombe wake waliumaliza ufuta wangu. Tangu hapo salamu yake siiitikii, na shamba nimelizungushia miiba. Msimu huu nimeshakata, nimesimamisha mafungu yakauke. Ufuta ukifika hapo, ukiugusa tu unamwagika. Na shamba langu liko kwenye mlima pekee upande wetu wa Mto Mbwemkuru.

Niliteremka bondeni, nikamwambia kama nilivyoambiwa.

Malimi aliutazama mto. Maji yalikuwa yameshakuwa mekundu, yanabeba magogo. Akatazama juu, kwenye shamba langu, kisha akainamisha macho.

"Asante, mama," alisema. "Tutajaribu kufika barabarani."

Barabara iko ng'ambo ya mto.

Nilipanda tena mlima. Nilipofika, niliivuta miiba kwa mikono mitupu mpaka pakawa na mlango, nikamwita. Walikuja wote, ng'ombe mbele, mkewe nyuma na mtoto mgongoni.

Ng'ombe wa kwanza alisimama mlangoni, pumzi yake ya moto ikinigonga kifuani.

"Mama, ufuta wako," alisema Malimi.

"Nauona," nilisema, nikamgeukia mkewe. "Nipe mtoto."